Waliomwibia Ragnfrid Msitu

Nilikutana naye kwenye ngazi, Jumanne moja mwishoni mwa Agosti, amebeba kikapu kitupu na uso umemvimba kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Ragnfrid Moholt, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Nikamsalimu. Alisimama tu, mkono mmoja kwenye reli ya ngazi, anahema.

"Nimeibiwa," akasema.

"Umeibiwa nini? Pochi?"

"Pochi! Afadhali ingekuwa pochi."

"Basi tuwapigie polisi."

"Niwaambie nini polisi? Wataniuliza wapi. Na wapi ndiyo siwezi kusema."

Hapo nikaelewa. Mtu yeyote aliyeishi Oslo miaka ya kutosha angeelewa. Kuna mambo watu wa mji huu watakwambia bila hata kuulizwa: talaka yao, operesheni ya nyonga, mkwe asiyefaa. Lakini muulize mtu anachuma wapi uyoga wake wa njano, atakutazama kana kwamba umemwomba mswaki wake. Atakujibu "huko msituni," huku akionyesha kaskazini kwa mkono mzima, na kaskazini ya Oslo ni msitu mtupu, utatembea mpaka uchoke.

Ragnfrid alikuwa na saluni ndogo ya kina mama hapa hapa Torshov kabla hajastaafu. Miaka yote hiyo alisikiliza siri za wanawake wakiwa wamelaza vichwa kwenye beseni, na hakuna hata moja iliyotoka nje ya mlango ule. Najua, kwa sababu nami nilijaribu kumchimba mara kadhaa. "Mimi ni kaburi," alikuwa akisema, "ila kaburi linalokata nywele." Mwanamke mrefu, mabega ya mwogeleaji, sauti inayosikika upande wa pili wa barabara hata anapodhani ananong'ona. Hana watoto. Alikuwa na mume, na alikuwa na mahali pake pa uyoga, na mtaani kwetu walisema mume alijua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachopendwa zaidi.

Mahali penyewe alionyeshwa na mama yake. Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache, alifanya kazi kiwanda cha soseji maisha yake yote. Magoti yalipoanza kumkataa, alimchukua binti yake mkubwa, wakapanda treni mpaka kituo cha mwisho, wakalizunguka ziwa, wakaingia msituni na kuiacha njia. Wakatembea. Kisha mama akasimama, akasema, "Hapa. Usimwambie mtu." Hotuba yote ilikuwa hiyo.

Na Ragnfrid hakumwambia mtu. Hata Oddvar, mumewe, hakuwahi kufika. Kila msimu waliingia msituni pamoja, lakini Oddvar aliachwa kwenye kisiki karibu na njia kuu, na chupa ya kahawa na gazeti, mwenziwe akapotelea mitini na kurudi kikapu kimejaa. Walipoachana watu walisema mengi. Oddvar mwenyewe alisema tu kwamba mgongo ulikuwa umechoka.

Sasa nikamvuta jikoni kwangu, nikamtilia kahawa, na hapo ndipo akanieleza.

Asubuhi ile alikwenda kama kawaida yake. Hata kufika hafiki moja kwa moja. Siku zote hupita kwanza upande usio wake, akainama kujifanya anafunga kamba za viatu, akasikiliza kama kuna anayemfuata, ndipo akakata kuingia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na jua likafuata. Uyoga ulipaswa kuwa umefumuka. Badala yake alikuta uwanja. Lile zulia la kijani linalofunika ardhi chini ya misonobari, ambalo huota polepole kuliko kitu chochote ninachokijua, lilikuwa limekanyagwa hadi udongo mweusi ukatokeza. Uyoga wote umechumwa, mpaka ule mdogo kama kifungo cha shati, ambao mtu mwenye akili huuacha ukue. Mwingine umeng'olewa kisha ukatupwa. Maganda ya machungwa yametapakaa. Na kwenye tawi la msonobari, usawa wa macho, kulikuwa na utepe mwekundu uliofungwa fundo zuri la kipepeo.

"Utepe!" Alipiga meza yangu, kahawa ikaruka. "Wameweka alama, mwenzangu. Kama mlango wa duka!"

Akautoa mfukoni, akautupa mezani. Alikuwa ameukata kwa kisu cha uyoga.

"Ni Oddvar," akasema. "Nani mwingine? Nipe simu, yangu imeisha chaji."

Oddvar akapokea, na kwa vile Ragnfrid huongea na simu kana kwamba iko ng'ambo ya mto, niliweka sauti ya nje tu.

"Oddvar, umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini? Na wewe habari za mchana."

"Mahali pangu! Ulinifuata. Sema kweli, ulinifuata siku moja."

Tukamsikia anacheka, si kwa furaha sana.

"Ragnfrid, mimi nilikaa kwenye kile kisiki miaka ishirini na ushee. Mvua ikinyesha nimekaa. Sisimizi wakinipanda nimekaa. Ningekuwa najua uyoga uliko, unadhani ningekaa na sisimizi?"

"Ungekaa. Kwa ubishi."

"Hapo umesema kweli. Lakini sikukufuata. Nilikuwa nakuogopa. Nani mwingine umempeleka?"

Ragnfrid akakata simu bila kuaga.

Kulikuwa na mtu mmoja. Ylva, binti wa mdogo wake Gyda. Miaka miwili kabla, Ragnfrid alipoambiwa nyonga yake lazima ifanyiwe operesheni, alishikwa na hofu kwamba hatatembea tena, akamchukua Ylva wakaenda wawili. "Hapa," akamwambia. "Usimwambie mtu." Na Ylva akaapa, tena akatokwa na machozi kidogo, kwa heshima aliyopewa.

"Si Ylva," Ragnfrid akaniambia sasa. "Ylva ana adabu."

Nilijua Ylva alipoteza kazi ya mapokezi hotelini majira ya baridi, kisha akapata nyingine kwenye kampuni ndogo inayowatembeza wageni wa nje mjini. Si majumba ya makumbusho wala sanamu. Wao wanajitapa kwamba watakuonyesha Oslo kama wenyeji wanavyoiishi. Unaruka kwenye maji baridi ya ghuba ukitoka kwenye chumba cha mvuke, unakula soseji kibandani umesimama, unapanda tram huku umenyamaza. Ragnfrid mwenyewe alikuwa akijivunia. Nikafungua tovuti yao kwenye simu, nikashuka, nikashuka, nikaikuta.

"Soma," akasema, kwa kuwa aliona uso wangu.

Nikasoma. Siku nzima msituni kama mwenyeji: treni, kuogelea ziwani, mkate wa kufungwa kwenye karatasi, na mwisho, mahali pa siri pa kuchuma uyoga pa familia ya kiongozi wako.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena.

"Pa familia," akasema polepole. "Familia gani? Familia ni mimi!"

Jumamosi, siku yao ya msituni, tulikwenda wote wawili. Alikuja kunigongea asubuhi amevaa sweta yake ya buluu yenye nyota nyeupe, ile aliyofuma mama yake, na viatu vya msituni. Nilijaribu kumshawishi ampigie Ylva simu, wazungumze kama watu. "Nitazungumza kama mtu," akasema. "Uso kwa uso."

Tuliwaona kituoni. Ylva mbele, nywele amezifunga, na nyuma yake watu wanane wenye vikapu vipya na utepe mwekundu kila mmoja kifundoni mwa mkono. Tukapanda behewa la nyuma yao na kuwatazama kupitia kioo. Mwanzoni walikuwa wakicheka kwa sauti, wakipigana picha. Kisha Ylva akaweka kidole mdomoni, akawaeleza kitu, na wote wanane wakakaa kimya, kila mtu dirishani kwake, mkoba kwenye kiti cha pembeni ili asikaliwe jirani.

"Anawafundisha kununa," Ragnfrid akasema. "Mungu wangu. Kumbe hata kununa kwetu kunauzwa."

Msituni tukawapa nafasi. Haikuwa shida kujua walikopita. Kwenye treni hatusalimiani, lakini kwenye njia ya msitu lazima kumsalimia kila unayepishana naye, na Ylva alikuwa amewafundisha hilo pia. Watu tuliokutana nao wakirudi walionekana wamechoka kusalimiwa. Ragnfrid alitembea haraka kuliko nilivyodhani nyonga ile ingeweza. Hakuzunguka upande usio wake wala hakufunga kamba za viatu. Aliingia moja kwa moja, nami nyuma yake, na ndivyo nilivyopajua mahali ambapo hata Oddvar hapajui. Wala hakukumbuka kunikataza nisiseme. Hilo peke yake lilinionyesha alivyokuwa amevurugika.

Walikuwa wamepiga magoti, wote, kama wanaosali, wanapekua udongo uliobakia. Hapakuwa na kitu cha kutosha mtu mmoja. Ylva alikuwa akimimina kahawa, akieleza jinsi bibi yake alivyoficha siri hii enzi na enzi.

"Endelea," Ragnfrid akasema. "Waambie na alivyosema bibi yako. Alisema nini?"

Ylva akageuka. Kikombe kikamwagika.

"Mama mkubwa..."

"Usiniite mama mkubwa mbele ya wateja wako. Alisema nini bibi yako?"

"Usimwambie mtu," Ylva akasema, kwa sauti ndogo.

"Hawa ni nani basi? Si watu?"

Wageni walikuwa wameinuka, vikapu mkononi, hawaelewi lugha lakini wanaelewa kila kitu. Ylva akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Msitu ni wa kila mtu," akasema. "Sheria inasema hivyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Nani amekataa? Msitu ni wa kila mtu, basi waache watafute kama kila mtu! Wachanwe na vichaka, viatu viingie maji, warudi nyumbani mikono mitupu na mafua. Huko ndiko kuishi kama mwenyeji! Unajua mimi nimerudi bure mara ngapi? Unajua bibi yako alihangaika misimu mingapi mpaka kupapata hapa? Umewauzia kisicho chako, tena umewanyima hata raha ya kutafuta!"

"Na mimi nile nini?" Sasa Ylva naye alipandisha. "Eskil, bosi wetu, alituambia kila kiongozi alete kitu ambacho wengine hawana. Kitu chake mwenyewe. Nikafikiri usiku na mchana. Sina nyumba, sina gari, sina chochote, mama mkubwa. Hiki tu ndicho nilichokuwa nacho."

"Hukuwa nacho. Nilikushikisha tu!"

Sauti yake iligonga miti ikarudi. Mtu mmoja miongoni mwa wageni aliinua simu. Nilimwona, nikamwashiria aishushe, lakini alikwisha kupiga picha. Mama mmoja wa makamo, Mreno kwa jinsi alivyozungumza na mwenzake, akaja taratibu mpaka kwa Ragnfrid, akamnyooshea kikapu chake. Ndani mlikuwa na uyoga wa kujaza viganja viwili.

Ragnfrid aliutazama. Kisha akamwambia kwa Kiingereza chake cha saluni kwamba yeye si ombaomba, akageuka, akaondoka. Ylva alikuwa analia.

Tulirudi kwa treni. Tulipokaribia mjini ndipo akanong'ona, yaani kwa kipimo chake, behewa zima likasikia: "Ningeuchukua ule uyoga. Ulikuwa wangu."

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Gyda. Haya alinisimulia Ragnfrid mwenyewe, ila nilimtoa maneno moja moja. Alikwenda akiamini mdogo wake angemkalisha Ylva chini na kumkanya. Mambo yakawa kinyume. Keki ya krimu ilikuwa haijakatwa, Ylva amejifungia jikoni, na Gyda alimpokea kwa kisu cha keki mkononi.

"Umemliza mtoto wangu mbele ya wageni. Kwa ajili ya uyoga."

"Kwa ajili ya kiapo, Gyda."

"Kiapo chenu nyie! Mimi nimewahi kuapishwa? Mama alipougua nani alimwogesha? Mimi. Nani alimlisha? Mimi. Wewe ulikuja Jumapili na maua. Na siku moja nikamuuliza, Mama, uyoga uko wapi, nami nikuchumie kidogo, ule. Unajua aliniambia nini? Muulize Ragnfrid. Nikakuuliza. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Ragnfrid alikumbuka. Alikuwa amejibu, "Huko msituni." Tena akaonyesha kwa mkono.

"Wewe ulipewa msitu," Gyda akasema. "Mimi nikapewa vijiko. Halafu unakuja hapa kunifundisha mambo ya kuibiwa."

Ragnfrid akavaa koti lake. Keki hakuila. Njia nzima, aliniambia, alikuwa akitunga majibu, na kila jibu lilikuwa zuri kuliko lililotangulia, na hakuna hata moja lililomfaa. "Mama ndiye aliyesema," alirudia kwangu. "Mimi nilifanya alivyosema Mama. Sasa kosa ni langu?" Nilimkatia mkate.

Pengine mambo yangeishia hapo, kwa kununiana, ambako sisi ni hodari. Lakini Alhamisi yake Oddvar akapiga simu, safari hii yeye.

"Ragnfrid, upo kwenye mtandao. Mdomo wazi."

"Nini?"

"Kidole juu, mdomo wazi, sweta ya mama yako. Umependeza, lakini umekasirika."

Ilikuwa picha aliyoipiga yule mgeni. Aliiweka kwenye maoni yake katika tovuti ya kampuni, akaandika kwamba walibahatika kukutana na mwenyeji halisi kabisa, aliyewafokea kwa Kinorwei dakika nzima, na hilo lilikuwa tamu kuliko yote ya safari yao. Wengine wakafuata. Mmoja aliuliza kama bibi yule hutokea kila Jumamosi. Mwingine akamwita mchawi wa msituni. Na kampuni, badala ya kuona haya, ikaichukua picha ile na kuiweka juu kabisa ya ukurasa wake, kubwa, na maneno: Kutana na wenyeji halisi.

Nimemfahamu Ragnfrid miaka mingi. Nimemwona akigombana na fundi bomba, na wapangaji, na baraza la mtaa kuhusu miti. Sikuwahi kumwona amenyamaza vile. Aliitazama picha mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.

"Uyoga wameuchukua," akasema. "Na sura nayo?"

Ijumaa akaenda ofisini kwao. Nilikwenda naye. Tulipofika mlangoni, tulimkuta Gyda amesimama hapo, mkoba umekumbatiwa kifuani, mdomo umekazwa. Dada wawili wakatazamana.

"Nimeiona picha," Gyda akasema. "Wanaicheka sweta ya Mama."

Tukapanda ngazi wote watatu.

Eskil, mwenye kampuni, alikuwa kijana mpole, wa soksi bila viatu, kofia ya sufu kichwani ndani ya nyumba. Akafurahi kutuona, tena kwa dhati, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Akatuletea kahawa na skonzi za mdalasini. Ylva alikuwa kwenye meza ya kona, mbele ya kompyuta, akatamani aingie chini yake.

"Nilikuwa nataka kukutafuta, Ragnfrid," Eskil akasema. "Unajua watu wamekupenda sana? Tumekaa tukafikiri. Kila Jumamosi, saa ile ile, pale pale. Wewe unatokea tu mitini. Si lazima ufoke sana. Kidogo tu, kama siku ile. Na tutakulipa, bila shaka."

Nilidhani Ragnfrid angepasuka. Alishika tu kikombe kwa mikono miwili. Aliyeinuka alikuwa Gyda, mwanamke mfupi, mwalimu wa chekechea mstaafu, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti nje ya nyumba yake.

"Kijana," akasema. "Huyu ni dada yangu. Si dubu wa maonyesho."

"Hapana, hapana, hukunielewa..."

"Nimekuelewa kuliko unavyojielewa. Mmeuza uyoga wake. Mkauza siri ya mama yetu. Sasa mnataka na hasira yake muikodi, Jumamosi hadi Jumamosi? Akilia je, mtaongeza bei? Hamna haya nyie? Hamna mama nyie?"

"Mimi najua wewe umekasirika, lakini ile picha ilipigwa mahali pa wazi, na kisheria..."

"Iondoe," Ragnfrid akasema.

"Tunaweza kuzungumza kuhusu..."

"Iondoe picha."

Eskil akafungua mikono, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri mvua ipite. Ndipo tukasikia vidole vinagonga kwenye kompyuta kule kona. Ylva hakututazama.

"Nimeshaiondoa," akasema. "Na kwenye ile siku ya msituni nimelifuta jina langu. Mimi huko siwapeleki tena."

"Ylva, tulikubaliana," Eskil akasema.

"Tulikubaliana nilete kitu changu. Hakikuwa changu."

Hakuacha kazi pale pale, kama mnavyoweza kudhani. Kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri. Aliendelea kuwapeleka wageni kuogelea na kula soseji mpaka Septemba ilipoisha, kisha akapata nafasi kwenye duka la maua. Na Eskil hakushindwa. Mahali alikuwa amekwisha kupachora kwenye ramani yake. Akampa kiongozi mwingine kikundi cha Jumamosi na fungu la tepe nyekundu, na Jumamosi tatu zaidi watu walipelekwa kupiga magoti kwenye udongo mtupu, wakiambiwa hapa ni mahali pa siri pa familia fulani. Ragnfrid alipiga simu huku na huku. Kila aliyepokea alikuwa na adabu, na kila aliyepokea alimwambia kwamba msitu ni wa kila mtu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo linalomkaba mpaka leo. "Niambie kosa," alikuwa akinipigia kelele ngazini, kana kwamba mimi ndiye hakimu. "Mtu anakuchukulia kitu, unabaki huna, na kosa halipo! Limekwenda wapi?"

Oktoba, majani yamekwisha kuwa ya njano na asubuhi zina barafu nyembamba, alimpigia Gyda, akamwambia avae viatu vizuri. Walikwenda wawili tu. Walikwenda polepole, kwa ajili ya nyonga ya mmoja na kifua cha mwingine, wakasimama mara nyingi. Alipofika, Ragnfrid akaonyesha kwa kidole.

"Hapa."

Gyda akatazama. Kipande cha ardhi si kikubwa kuliko sebule, misonobari kama misonobari yoyote, udongo umekanyagwa, utepe mmoja umebaki unapepea.

"Hapa tu?"

"Hapa tu."

"Mimi nilidhani ni mahali pakubwa," Gyda akasema. "Miaka yote hii nilikuwa napaona kichwani, pakubwa, pana jua." Akaketi juu ya jiwe, akacheka, kisha kicheko kikageuka, akafuta macho kwa glavu. "Alininyima hiki?"

Ragnfrid akaukata ule utepe, akauweka mfukoni. Akafungua mkate wenye jibini ya kahawia, akampa nusu. Walikaa mpaka baridi ikawafukuza. Aliniambia hakumwomba Gyda msamaha, na Gyda hakumwomba yeye, lakini kwenye treni walikaa kiti kimoja.

Pale mahali hapajaota kitu tangu wakati ule. Sasa dada wale wawili wanatafuta pengine, kuanzia Julai, kila juma upande mpya, na mara nyingi wanarudi na matunda ya buluu ya porini na ugomvi juu ya nani aliyekosea njia. Ragnfrid bado ana hasira. Akiona kikundi kwenye treni kimenyamaza kwa namna isiyo ya kweli, anahama behewa. Ylva huja kwake Alhamisi kula samaki, wanazungumza habari za maua, za hali ya hewa, za Oddvar aliyenunua mbwa. Msimu uliopita Ylva aliomba kwenda nao Jumapili moja. Ragnfrid akamalizia kuosha sahani, kisha akamwambia aje, ila chakula abebe chake.